Mwalimu Florentin na Jina Lililosubiri Kutangazwa

Baba padri, mashehe wetu, wazee wa ukoo wa Amundala mliotoka Obokote mkapigwa na njia mbaya hadi mkafika, wakwe, majirani wa Mikelenge, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake ambao leo mna mvi kuliko yeye, poleni, na poleni tena. Aliyesimama mbele yenu ni Soudi Bulaimu, mdogo wake Mama Élisabeth, mjane wetu, basi ni shemeji wa marehemu, na shemeji ana ruhusa ya kumtania mtu hata akiwa amelala katika sanduku, kwa hiyo mkisikia neno la kuchekesha humu ndani msinishitaki kwa wazee, mwenyewe aliniagiza nisimsome kama tangazo la redio.

Kabla ya yote, kuna jambo ambalo wote mliolala hapa matangani mmelisikia, na halifai kufunikwa. Mwalimu aliacha neno kwamba watoto wake wasomwe saba, na shangazi Jeanne, dada yake mkubwa, ambaye katika ukoo huu njo mwenye kutoa majina, alisema ni sita, kwa sababu mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina hasomwi, hasomwi harusini na hasomwi msibani, na desturi hiyo haikuanza jana wala juzi. Maneno yalipanda, yakashuka, yakapanda tena, na mtasikia yalivyokwisha, ila tuende hatua kwa hatua, maana marehemu alikuwa mtu wa tarehe na mahali, na ukimrukia hatua moja alikurudisha mwanzo.

Mwalimu Florentin Amundala alizaliwa tarehe 11 Juni 1958 huko Obokote, katika eneo la Lubutu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Godefroid Amundala, mtunza miche katika shamba la kahawa, na wa Mama Emerance, mkulima, ambaye jina lake ninawaomba mlishike, tutalihitaji. Mama huyo alikuwa akienda msituni kutafuta fumbwa, ile mboga ya porini, na majani ya kufungia chikwanga, mkate wetu wa muhogo, na mtoto nyuma yake akiuliza hii ni nini, na hii, na ile, na mama akijibu moja moja bila kuchoka, na kwa ile asiyoijua alisema tu kwamba na hii bado hatujasalimiana. Shangazi Jeanne, ambaye alikuwa akibeba kikapu, anasema safari ya kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri ilikuwa inawaingiza nyumbani jua likizama, na fimbo aliipata yeye.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri hapohapo Obokote kuanzia mwaka wa 1965, akateremka Kindu kwa masomo ya sekondari, akapata diploma yake ya serikali mwaka wa 1977, kisha akaenda Kisangani kusomea ualimu wa biolojia hadi mwaka wa 1980. Huko Kisangani njo alikopata ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuponya, ugonjwa wa kukata kitawi chenye ua, kukilaza katikati ya magazeti, kukikandamiza kwa kitu kizito hadi kikauke, na kuandika pembeni kimetoka wapi na siku gani. Huko pia alijifunza kwamba kila mmea una jina rasmi la Kilatini, maneno mawili, na kwamba ile kahawa aliyoitunza baba yake ilipewa lake mwaka wa 1897, mbali kabisa na hapa, na kwamba mimea mingi ya misitu yetu ilibatizwa katika miaka hiyo, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na watu waliokuwa na matawi makavu mezani, wakati babu zetu waliokuwa wanaila na kujitibu nayo hakuna aliyewauliza. Jambo hilo lilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja, ukimwuliza ni lipi zaidi alisema inategemea amekula au hajala.

Akajifunza na sheria moja ya wataalamu hao, ambayo kila mwanafunzi wake hapa anaweza kuisema usingizini, kwamba jina si jina mpaka litangazwe. Mtaalamu anaweza kuwa nalo moyoni, anaweza kulificha kwenye droo miaka na miaka, likawa zuri namna gani, halihesabiwi, mpaka litoke mbele ya watu pamoja na mahali na tarehe. Shikeni na hilo pia.

Mwezi wa Septemba 1980 alianza kufundisha biolojia hapa Kindu, katika kata ya Kasuku, akaendelea hadi alipopumzishwa mwaka wa 2021. Mwanafunzi aliyechelewa hakuchapwa, aliambiwa alete jani ambalo mwalimu halijui, na kulipata jani hilo kulikuwa adhabu kuliko fimbo, tuliwaona watoto wa watu wakizunguka vichakani wakilia. Chaki ilipokosekana alifundishia mkaa, mishahara ilipokosekana alifundishia njaa, na ni Mungu tu anayejua ni wangapi kati ya madaktari, wauguzi na walimu wa mji huu waliojifunza kwake kwamba ua lina baba na mama.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na dada yangu Élisabeth, binti wa mzee Bulaimu wa Kasuku, na kwa wasiotujua, baba yetu alikuwa Mwislamu, mama yake Élisabeth alikuwa wa kanisa, kila mtoto alifuata upande wake, na kwenye sahani tulikutana. Dada alihamia kwa mume akakuta chini ya godoro la arusi kuna magazeti yamejaa majani, kwa sababu bwana arusi hakuona katika nyumba nzima kitu kizito cha kukandamizia kuliko watu wawili waliolala. Mtu angerudi kwao. Yeye alicheka, akapanda, akalala, na tangu siku hiyo dada yangu alilala juu ya msitu, watoto wakazaliwa juu ya msitu, na asubuhi nyumba ilinuka dawa.

Hapa desturi inataka nitaje watoto. Mama Élisabeth ameomba watajwe mwisho, na nimemtii, maana mjane hapingwi siku ya leo.

Mama Emerance alifariki Obokote mwaka wa 1999, na katika ukoo wa Amundala mjukuu hapewi jina la bibi aliye hai, hivyo tangu siku hiyo ilijulikana kwa wote kwamba binti atakayefuata katika nyumba ya Florentin atakuwa Emerance. Jina lilikuwa linamngoja mtu. Ila na namna ya kulitoa mnaijua, kitovu kinaanguka, shangazi anamnyanyua mtoto mlangoni, analiita jina kwa sauti, wanawake wanaitika, na kabla ya hapo hakuna anayelitamka, hata baba, hata mama, kwa kuwa ni kumwitia mtoto mabaya.

Vita vilikuja, vikaenda, vikarudi, na mwaka wa 2002 mji wetu ulizungukwa. Ninyi wa umri wangu hamhitaji kusimuliwa, treni haikufika, mto ulifungwa, chumvi ikapotea sokoni, na aliyekwenda shambani kwake Mikelenge hii hii hakuwa na hakika ya kurudi. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti askari waliingia kupekua nyumba, wakapindua godoro la Mwalimu, na wakakuta majani makavu, marundo na marundo, kila moja katika gazeti lake. Sasa mkumbuke, siku zile wapiganaji wa msituni walioshwa kwa majani ili risasi zigeuke maji, na mtu aliyekutwa na majani yamefichwa chini ya kitanda alikuwa mganga wao tu, hapakuwa na kesi nyingine.

Mtu wa kawaida angelia, angeapa kwa kaburi la mama yake. Mwalimu, Mungu amrehemu, aliona tu kwamba watu hawa hawakuelewa somo, akaanza kuwafundisha. Aliinua gazeti la kwanza akataja jina la Kilatini, la pili akataja, la tatu akataja, kwa sauti ileile ya darasani, na askari wakarudi nyuma hadi ukutani, wakajua mtu huyu sasa anawaloga mchana kweupe, wakamfunga mikono nyuma wakampeleka kwa mkubwa wao. Dada yangu, mwenye mimba kubwa, alifuata kwa mbali akiwa ameshika kichwa.

Mkubwa wao alikuwa anakunywa kahawa. Alisikiliza mashtaka, akamtazama mfungwa, akamwonyesha kikombe, akamwuliza basi na hii, na yenyewe iko na jina la dawa? Mwalimu akajibu bila kupepesa kwamba ni Coffea canephora, imepewa jina mwaka wa 1897, na kwamba baba yake mzazi alikuwa akitunza miche yake. Mkubwa alicheka hadi kahawa ikamwagika, akawaambia askari wake, "Mulozi hajui mwaka. Huyu ni mwalimu, mufungulieni." Hivyo ndivyo kahawa ilivyomwokoa mtoto wa mtunza kahawa, na mwaka mmoja wa kitabuni ukazidi viapo vyote ambavyo angeapa. Lakini magazeti hawakuyarudisha, waliyachoma uani kwake mwenyewe, kazi yote tangu Kisangani, na Mwalimu ambaye hakulia mikono ikiwa imefungwa alilia hapo, mbele ya watoto, bila kujificha.

Kesho yake walikimbia, yeye, Mama Élisabeth na watoto watano, wakaingia msituni upande wa njia ya Kailo, wakajenga kibanda cha fito na kukiezeka kwa yale majani mapana ya kufungia chikwanga, jirani na wakimbizi wengine. Tarehe 19 Septemba 2002 mtoto wa sita alizaliwa humo, binti, kwa mikono ya wanawake wa vibanda vya pembeni, bila wembe mpya, bila sabuni. Tarehe 23 Septemba alifariki. Kitovu kilikuwa bado hakijaanguka, na shangazi Jeanne alikuwa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, mto umefungwa.

Walimzika chini ya mti mmoja ambao shina lake lilizungukwa na kamba, ule mmea wa kutambaa, na kamba hiyo ilikuwa inachanua kwenye shina lenyewe, maua mekundu ya kuelekea weusi, mengine yameanguka hapo walipochimba. Dada yangu, alipokwisha kusawazisha udongo kwa viganja, alimwuliza mume wake, "Florentin, huyu mutoto wangu tutamuitaje?" Jina lilikuwa katika vinywa vyao wote wawili na hakukuwa na ruhusa ya kulitoa. Naye akainua macho akaitazama ile kamba, akaitazama sana, na akagundua kwamba haijui, yeye, Florentin, hakuwahi kuiona popote, wala kwa mama yake, wala vitabuni. Njo hapo alipoweka ahadi. Alimwambia kwamba kamba hii haijapewa jina na mtu yeyote duniani, kwamba amani ikirudi atawatafuta wataalamu, na itapewa jina la mtoto huyu, lichapishwe, lisomwe na mataifa, kwa sababu jina la Kilatini halihitaji shangazi.

Walirudi Kindu mwaka wa 2003. Tarehe 2 Mei 2005 walijaliwa furaha nyingine, binti, mzima, mnene, na shangazi Jeanne alivuka mto na kitenge kipya, jina liko tayari mdomoni, na Mwalimu akasema hapana. Huyu ataitwa Christelle. Hakueleza. Shangazi alidhani mdogo wake amemdharau mama yao aliyekufa, alikunja kitenge chake akavuka kurudi, na Krismasi mbili zikapita hajakanyaga uwanja huu. Wengine tulisema ni elimu imemlevya, na mimi nilikuwa katika hao wengine, mnichape baadaye. Mtu na mke wake walinyamaza tu. Mngefanyaje, kama kueleza ni kulitamka?

Na kila Septemba walikwenda wawili njia ya Kailo, wanafagia pale chini, Mwalimu anakata kitawi chenye ua, analaza gazetini, anaweka chini ya godoro. Vitabu alivyovipata havikuitaja kamba hiyo, na kila kitabu kilichonyamaza kilimwongezea tumaini. Mwaka wa 2019 alikuja Claire, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye leo ni mtaalamu wa mimea huko Kisangani na yuko hapa kati yetu, Mwalimu akampeleka hadi chini ya mti, hakumwambia kaburi ni la nani, alimwambia tu atazame kwa bidii. Claire alichukua vitawi, akaahidi kuvilinganisha na vile vilivyohifadhiwa.

Tarehe 6 Machi 2020 alipiga simu. Kamba ile ilikuwa na jina. Ilikuwa nalo tangu mwaka wa 1898, lililotolewa Ulaya na mtu aliyeona kitawi kimoja kikavu tu, na jina lenyewe ulimi wa shemeji hauliwezi, Claire atawatajia anayetaka. Kama ingekuwa mpya, alisema, ningefurahi kuliko wewe, Mwalimu. Dada yangu alikuwa anapepeta mpunga mlangoni, aliona uso wa mume wake, akaweka ungo chini. Miaka karibu kumi na minane ya kungoja, mtoto wake akawa hana jina mara ya pili.

Siku kadhaa Mwalimu hakutoka nje, tukasema sasa ndiyo basi. Kisha jioni moja akiwa anakula alianza kucheka, akamwambia mke wake, "Elisa, kumbe ilikuwa na jina siku zote! Tulikaa chini yake tukilia haina, na iko nalo, sisi tu hatukusikia. Basi na mutoto wetu ni vile vile. Jina iko. Imekosa kutangazwa tu." Na akauliza, hapa kwetu, ni wapi mtu anasimama mbele ya umati akasoma majina pamoja na tarehe na mahali, na watu wote wakawa mashahidi? Dada alikwisha kuelewa. Mwalimu akasema amepata gazeti lake la kutangazia, kasoro yake ni bei, mpaka mtu afe kwanza.

Sukari ilimshika tangu mwaka wa 2016, mwaka jana figo zikachoka, alilazwa tarehe 27 Februari 2024, na alfajiri ya tarehe 14 Machi 2024 alifariki, mkono wake katika mkono wa mke wake, akiwa amekwisha kuniagiza haya yote na kunionya kwamba nikiruka tarehe hata moja atanirudia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wengine walimwita Mwalimu hata wakimchoma sindano, majirani wa Mikelenge mlioleta maji, mchele na kuni kabla hatujaomba, walimu wenzake mliolala hapa chini, vijana wa pikipiki mliompeleka hospitali na kumrudisha kama mnabeba mayai, na Claire, aliyesafiri usiku na mchana na kumletea kitawi kikavu cha kamba ile, kimelazwa kifuani mwake. Kama kuna aliyesahaulika, asamehe, akili zetu ziko ndani ya sanduku.

Sasa mvutano. Jana jioni, shangazi Jeanne alipokuwa bado anasema ni sita, dada yangu alitoka kwenye mkeka wake wa ujane, jambo ambalo halifanywi, akamfuata jikoni, akamwambia masikioni jina ambalo wamelinyamazia miaka yote hiyo. Shangazi alikaa chini juu ya gogo la kuni. Aliuliza, "Jina la mama yangu? Mulimunyima Christelle juu ya huyu?" Dada akasema ndiyo. Wanawake wa jikoni watawaambia walichokiona, mimi nitasema tu kwamba kilio kilichotoka pale hakikuwa cha Florentin peke yake. Na leo asubuhi shangazi aliniita, akaniambia hakuna karatasi inayotoa jina katika ukoo huu, ya Kilatini wala ya Soudi, kwamba kazi hiyo ni yake na ameichelewesha kwa sababu ya vita, si kwa kutaka, nikifika hapo ninyamaze, yeye ataita.

Marehemu ameacha mjane, wajukuu kumi na mmoja, na watoto hawa, Israël, Blanchard, Fifi, Elodie, Arsène, na sasa ninanyamaza. Shangazi Jeanne, simama. Wanawake, mkisikia, itikeni.

Shangazi ameita, mmeitika, sasa nami ninasoma. Emerance Amundala, binti wa Florentin na Élisabeth, alizaliwa tarehe 19 Septemba 2002 msituni, njia ya Kailo, akafariki hapohapo tarehe 23 Septemba, akatangazwa Kindu, Mikelenge, tarehe 16 Machi 2024, mbele yenu nyote. Na baada yake Christelle. Ni saba.

Shemeji, nimemaliza, sikuruka tarehe. Ulale kwa amani, wewe na huyo mliyetenganishwa naye mapema, na ukimkuta huko uliko usimtazame tena kwa kunyamaza, mwite, ana jina.